Muuza Vitenge na Mota ya Mama Yake

Habari ilinikuta kwenye foleni ya maji, na aliyeniletea hakujua kwamba ananiletea msiba. Alisema tu, kwa namna tunavyosemeana mambo hapa Lubumbashi, kwamba yule mzee wa vitenge wa Kamalondo, yule mwenye paneli ya jua juu ya duka, ameanguka mchana na wanamzika kabla ya magharibi. Kisha akaniuliza kama ndoo yangu ilikuwa mbele ya yake au nyuma. Nikamwachia ndoo na foleni yake. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi kuandika habari za marehemu, kwa sababu wafu wote husifiwa kwa maneno yaleyale, na wengine ukisoma sifa zao unajiuliza ni nani basi aliyekuwa anatusumbua hapa duniani. Lakini huyu ameniuma. Pale matangani waliniambia kazi ya Mungu haina makosa, nami si mtu wa kubishana na Mungu, ila niliona moyoni kwamba safari hii angeweza kungoja kidogo. Mtu alikuwa ndiyo kwanza amepata alichokitafuta maisha yake yote, na hakukaa nacho hata msimu mmoja wa mvua.

Tulijuana kwa sababu ya friji. Niliwahi kulalamika katika safu hii jinsi umeme ulivyokatika kwetu, ukakaa huko ulikokwenda, kisha ukarudi kwa hasira na kuiunguza friji yangu pamoja na samaki wa Kilwa, ile ya Ziwa Mweru, waliokuwamo. Baadaye nikaenda Kamalondo kununua vitenge vya harusi ya mpwa wangu. Mwenye duka, mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma, alinitazama kwa muda, akanitambua kutokana na picha yangu gazetini, akasema kwa upole: "Mama, we ulilia juu ya frigo. Kwetu courant iliunguza sauti ya mama yangu." Courant ni umeme huohuo. Nilidhani ni ujanja wa biashara, maana wauza vitenge wa mji huu wana maneno. Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniwekea kiti, akanisimulia, na vitenge nikasahau kuvichagua mpaka duka lilipotaka kufungwa.

Ukoo wake ni wa wale Waislamu waliotoka Maniema na kuletwa huku na biashara enzi za babu zao. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hakuna picha ya mama huyo. Kilichobaki ni utepe mmoja wa sauti, zile tepe pana zinazozungushwa kwenye magurudumu mawili, ambao baba yake aliurekodi alasiri moja uani, mama akiwaongoza wanawake wenzake katika kaswida za kujiandaa na Maulidi. Mashine ya kuuchezea ilikuwapo nyumbani, ikatunzwa kama yai, hadi siku umeme uliporudi kwa hasira ukaunguza mota yake. Mzee wa vitenge alikuwa amekwisha kupita miaka sitini. Hakuwa fundi wa kitu chochote isipokuwa kukunja kitenge kisichakae. Aliapa kwamba mashine ile itazunguka tena, na kwamba itazungushwa na jua, ambalo tangu azaliwe halijawahi kurudi kwa hasira.

Nilimwuliza swali ambalo nanyi mnaliuliza sasa: kwa nini asiwape vijana wa kompyuta wauhamishe utepe huo, mambo yakaisha? Alijibu kwamba hata wao wanahitaji kwanza mashine inayozunguka, na katika mji mzima hakuwa ameona nyingine iliyo hai. Tena hakutaka mgeni amsikie mama yake kabla yeye hajamsikia sawasawa. Maana hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe. Baba yake alirekodi kwa betri zilizochoka, na mashine siku hiyo ilizunguka kwa uvivu wake, hakuna ajuaye uvivu wa kiasi gani. Kwa hiyo hata zamani, mashine ilipokuwa nzima na kuzunguka kwa mwendo wa kiwandani, mama alisikika akiimba kwa sauti nyembamba ya haraka, kama msichana wa shule. Alikua akijua kwamba ile si sauti ya mama yake, na kwamba ya kweli imo humohumo, chini kidogo, ikingoja mwendo wake. Na mtu mmoja tu aliyekuwa bado hai ndiye aliyewahi kuisikia kwa masikio: dada yake mkubwa, Yaya, aliyembeba mgongoni tangu mama alipozikwa. Yaya alikuwa amezeeka, na masikio yake yalikuwa yameanza kuchagua ya kusikia. Ndiyo maana mzee alikuwa na haraka.

Mota mpya aliipata bila taabu. Kilichomtesa ni kile kifaa kinachokaa kati ya betri na mota na kuamua mota ipewe umeme kiasi gani na kwa namna gani. Huku kwetu tunakiita variateur. Sasa sikilizeni kosa lake, maana ni kosa letu sote. Watu wa mji huu tumeonewa sana na umeme mnyonge, hivyo tukiingia dukani huwa na swali moja tu: iko na nguvu? Tunaulizia hivyo pasi, tunaulizia hivyo pampu, na nadhani tunaulizia hivyo hata wachumba. Yeye naye akauliza hivyohivyo, akauziwa variateur ya nguvu, iliyotengenezwa kwa pikipiki ya umeme. Akaifunga, akaweka utepe wa mama, akasema bismillahi, akawasha. Mota iliruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Utepe ulijivuta, ukanyooka, ukakatika. Aliuunganisha kwa gundi, ila pale ulipovutika pamebaki na jeraha. Mpaka leo mama akifika hapo neno lake huteguka. Mzee hakufungua duka kesho yake wala kesho kutwa. Aliniambia habari hii akiwa ametazama sakafu, kama mtu aliyempiga mama yake.

Tangu hapo hakuthubutu kujaribu kitu kwa utepe ule. Alitafuta tepe nyingine kuukuu, akapata za matangazo ya mpira, na Kamalondo ikapata burudani ambayo haikuiomba. Mtangazaji wa zamani alisikika kutoka nyuma ya duka akinguruma kama chura, kisha akilia kama kifaranga, goli moja likifungwa kwa muda wa kupika maharage. Wateja walimcheka. Aliwaacha wacheke. Alikuwa amenunua variateur ya pili, ndogo, yenye kifungo cha kuzungusha, na hiyo angalau ilianza kwa adabu. Lakini ilikuwa kipofu: ilitoa umeme bila kujua mota inafanya nini nao. Wingu likipita juu ya paneli, au gurudumu moja likijaa utepe na kuwa zito, mwendo unashuka, na mtangazaji anasinzia katikati ya shambulio. Mzee akaelewa kwamba anahitaji variateur yenye jicho, yaani inayohesabu mizunguko ya mota na kujirekebisha yenyewe pale mwendo unapopungua.

Hiyo nilimletea mimi. Nilikuwa nakwenda Lusaka kwenye mambo ya familia, naye akanipa maagizo marefu kuliko ya mganga: isiwe na nguvu nyingi, ijue kuanza polepole, iwe na mahali pa kuingiza waya wa jicho. Muuzaji wa Lusaka aliniuliza ni ya pampu au ya geti. Nikasema ni ya kumsikiliza mama wa mtu. Alinitazama kwa huruma, akanitafutia. Kule mpakani Kasumbalesa niliipitisha ndani ya sufuria za zawadi, si kwa sababu ni haramu, bali kwa sababu nilichoka hata kabla ya kuanza kueleza. Nilipomkabidhi, aliipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea mtoto mchanga, na mimi ambaye nilikuwa namtania siku zote nikajikuta sina utani.

Juu ya variateur ile, kando ya kifungo cha mwendo, kulikuwa na skrubu mbili ndogo, na ni hizo zilizomla miezi. Moja huamua kifaa kikifukuze kosa kwa ukali gani. Nyingine huamua kikumbuke kosa kwa muda gani. Ukilegeza mno, mwendo unashuka na kifaa kinazubaa. Ukikaza mno, kila kosa dogo kinalirukia, kinalipita, kinarudi, kinalipita tena, na mota inatetemeka bila kukoma. Mwenda pole hajikwai, alikuwa akiiambia mota, akiwa na bisibisi ndogo ya saa mkononi. Mwishowe mtangazaji wa mpira akasikika vizuri, kama redio. Mzee akaamini amefika.

Ndugu walikusanyika kwake kwa Maulidi, na asubuhi ile, jua likiwa safi, akauweka utepe wa mama kwa mara ya kwanza tangu ulipokatika. Hakujua kwamba mtangazaji wa mpira alikuwa amemdanganya. Mtu anayepayuka hafichui mtetemo mdogo. Mtu anayeshikilia noti ndefu ya kaswida huufichua wote. Mama alipofika kwenye sauti ya kuvuta, sauti ikatetemeka, ikatetemeka, kama ya mtu anayezuia kilio. Wanawake mle ndani wakaanza kulia. Mmoja wao akasema mama huyu alijua kwamba anakufa. Mwingine akadakia kwamba hata yeye alisikia zamani kuwa aliota ndoto. Kabla chakula hakijapakuliwa hadithi ilikuwa imekwisha kutoka nje ya ua na kuingia nyumba za jirani: mwanamke aliyejiombolezea mwenyewe kwenye utepe. Mzee alisimama kando ya mashine, hajui kama afurahi au aogope. Ndipo Yaya, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake, akasema kwa sauti ya kukata mti: "Mama hakuliaka mbele ya bantu. Ni mashini yako njo inalia."

Yaani mama hakuwahi kulia mbele ya watu; inayolia ndiyo mashine. Nilikuwapo, nimealikwa, na nilimwona mzee akizima mashine. Nilimhurumia, maana nilijua kinachomtisha. Hakuogopa kuaibika. Aliogopa kwamba angekufa na kuwaachia watoto wa ukoo mama mliaji ambaye hakuwapo, na kwamba yeye ndiye angekuwa amemtengeneza. Hadithi nzuri haing'oki kirahisi. Mimi naishi kwa hadithi, najua. Alianza upya skrubu zake. Safari hii aliacha mpira, akarekodi kwa mashine hiyohiyo filimbi aliyoipuliza mwenyewe bila kukatisha, akaitumia hiyo kujaribia hadi mtetemo ulipoondoka.

Akaniita tena siku alipokuwa tayari, kwa kuwa, alisema, anataka mtu wa kushuhudia ambaye si wa damu. Tulikuwa watatu uani, yeye, Yaya na mimi. Sauti sasa ilisimama wima. Ilibaki kutafuta mwendo wenyewe. Akaanza juu, kwenye sauti ya msichana wa shule, akawa anashusha kifungo kwa unyenyekevu mkubwa, macho yake yakiwa kwa Yaya wala si kwenye mashine. Yaya alikuwa amefumba macho. Alitikisa kichwa. Akatikisa tena. Akasema arudishe kidogo, akasema hapana, ashushe. Mama akawa mwanamke, akawa mwanamke wa sauti nene zaidi, akakaribia kuwa mtu mzima sana. "Apo," Yaya akasema. "Usiguse tena. Njo ye."

Kusikia kwamba ndiye, mzee aliondoa mkono kwenye kifungo, akakaa chini kwenye saruji na kofia yake, akalia. Sijawahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia hivyo bila msiba. Mama yake aliimba mpaka utepe ukaisha na ncha yake ikawa inapigapiga, na hakuna aliyenyanyuka kuizima mashine. Baadaye aliniomba rangi ya kucha, tunayoiita vernis. Nikampa niliyokuwa nayo mkobani, nyekundu, naye akaipaka juu ya skrubu zile na pembeni ya kifungo ili mkono wa mtu, au mtikisiko wa malori barabarani, usivisogeze kamwe.

Nimefikiri sana juu ya mzee huyu siku hizi, na mawazo yangu hayanipeleki mahali pazuri. Tunaishi juu ya shaba. Malori ya mgodi wa Kinsevere hupita usiku na mchana kuipeleka dunia nzima nyaya za mota zake, kisha sisi tunavuka mpaka kununua kifaa kimoja kidogo cha kuendeshea mota na kukificha ndani ya sufuria. Hilo mmelisikia, mmelichoka. Linalonisumbua zaidi ni kwamba kukosa nguvu kumetufundisha kuiabudu. Tunamheshimu bosi anayeruka kama ile variateur ya kwanza, na wa polepole tunamwita mdhaifu. Mzazi anamkaza mtoto kwa kila kosa mpaka mtoto anatetemeka, halafu anashangaa kwa nini mtoto analia bila sababu. Hapa mjini sijasikia mtu akisifiwa kwa kushika mwendo. Na yeye aliyejifunza hilo kwa kumjeruhi mama yake hakuwa na mtu wa kumrithisha somo hilo, wala hakupata muda.

Siku ya tatu ya matanga nilikaa ndani na wanawake. Yaya alikuwa kwenye mkeka uleule, amekuwa mdogo. Alishika mkono wangu, akaniuliza kama nina kitu chochote cha ndugu yake. Nilikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu, alionitumia wiki ileile aliyopaka rangi. Niliona haya kuucheza mbele ya watu, lakini aliniomba, nikausogeza karibu na sikio lake zima. "Mama, vernis imekauka," ilisema sauti ya marehemu. "Leo sifungue duka. Niko nasikiliza." Basi. Hakuna zaidi, hata kuaga hakuaga. Yaya aliomba niurudie, na niurudie tena. Kisha akawaambia watoto walete mashine. Jua lilikuwa juu, betri imejaa, na mama akaanza kuimba katika chumba cha msiba wa mwanawe.

Tulisikiliza. Ndipo Yaya akaniinamia na kuniambia jambo ambalo ameniruhusu kuliandika, maana alisema yeye hawezi kulibeba peke yake. "Sauti ya Mama nilisahau kitambo," alisema. "Nilikuwa mutoto. Ye alikuwa nazungusha kile kifungo, naniangalia na macho ya kuomba. Sikuweza kumuambia sijue. Njo nikatafuta fasi kwenye inafanana na ya kwake ye mwenyewe. Nilimulea, yake sauti naijua. Kufika pale, nikasema njo ye." Akaniuliza: "Nilimudanganya?"

Kabla sijamjibu aliingia mwanamke mmoja wa mbali, aliyechelewa kufika msibani, akauliza kwa mnong'ono ni nani anayeimba. Wote tulimtazama Yaya. Yeye alikuwa amefumba macho. Akasema, "Ni mudogo wangu."

Jibu langu nalileta hapa, kwa kuwa ninajua watamsomea Yaya safu hii. Tunaoandika tunapenda kuapa kwa ukweli, na mimi nimewakemea wengi kwa kuupindisha. Lakini nimejifunza katika ua ule kwamba mtu unayempenda akikuuliza kama kitu kiko sawasawa, lazima kwanza uangalie anaomba nini. Ndugu yetu hakuomba kipimo. Vipimo alikuwa navyo, vimemla macho na miezi. Aliomba mama, na duniani alibaki mtu mmoja tu aliyeweza kumpa. Hapana, Yaya, hukumdanganya. Ulimpa mama anayefanana naye, na hata mtoto mchanga hapewi zaidi ya hapo.